Kwa nini vifaa viwili vya kupima mawimbi ya redio hutoa majibu tofauti?

Kifaa cha kwanza kinaonyesha 1. Cha pili, kilichowekwa hatua chache tu kando, kinaonyesha 2.65. Vyote viwili vinapima mawimbi yanayotoka kwenye mnara ule ule, mchana ule ule. Anayeishi chini ya mnara huo huuliza swali moja: ni nani anayedanganya?

Mara nyingi hakuna anayedanganya. Tarakimu inayoonekana kwenye kioo cha kifaa ni jibu la swali fulani, na vifaa viwili vinaweza kuwa vimeulizwa maswali mawili tofauti bila wenyewe kujua.

Jambo hili si la wahandisi peke yao. Katika eneo la Nile Magharibi, minara ya redio na ya simu imesimama kati ya nyumba, maduka na shule. Wanaoishi karibu nayo, kama katika mitaa ya Jiji la Arua, huhofia afya zao. Wanaoishi mbali, kama upande wa Koboko, huwa na malalamiko ya kinyume: kwamba matangazo yanakwaruza au hayafiki kabisa. Malalamiko ya aina zote mbili huamuliwa kwa vipimo. Kipimo kikieleweka vibaya, mzazi anaweza kuishi na hofu isiyo na sababu, na msikilizaji mwenye haki anaweza kuambiwa kuwa tatizo lake halipo.

Masafa si nguvu

Kwanza ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa katika mazungumzo ya kila siku. Masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja. Kituo cha Radio Pacis cha Arua, kwa mfano, husikika kwenye 90.9. Hiyo ni megahezi 90.9, yaani mitetemo milioni tisini na laki tisa kila sekunde. Nguvu ni jambo jingine: ni ukubwa wa wimbi hilo linapofika mahali ulipo.

Vifaa vinavyopima masafa hutofautiana kidogo sana, kwa sababu kazi yake ni kuhesabu. Ndani ya kila kimoja mna fuwele ndogo inayotumika kama saa. Fuwele hiyo huzeeka, na joto nalo huibadilisha. Kosa la sehemu moja katika milioni, kwa kituo cha 90.9, ni hezi 91 hivi tu. Kanuni za kimataifa huruhusu kituo cha FM chenye nguvu ya kawaida kupotoka hadi hezi 2,000. Vifaa viwili vya kuhesabu masafa vinaweza kutofautiana katika tarakimu za mwisho, na msikilizaji asihisi lolote.

Ugomvi hutokea kwenye nguvu. Nguvu haihesabiwi kama mbuzi wanavyohesabiwa zizini, bali hukadiriwa. Antena hunasa wimbi, waya hulipeleka ndani, kihisio huligeuza kuwa umeme mdogo, na programu huugeuza umeme huo kuwa tarakimu. Kila hatua ina nafasi yake ya kuongeza au kupunguza kitu.

Vizio viwili, wimbi moja

Turudi kwenye mfano wa 1 na 2.65. Kifaa cha kwanza huenda kinaonyesha volti kwa mita, kizio cha ukubwa wa uga wa umeme. Cha pili huenda kinaonyesha miliwati kwa mita ya mraba, kizio cha nishati inayopita katika eneo hilo. Mahali palipo mbali kiasi na antena, volti 1 kwa mita ni sawa na miliwati 2.65 kwa mita ya mraba. Vifaa hivyo viwili havijatofautiana hata kidogo. Ni kama mtu mmoja anayetaja umbali kwa maili na mwingine kwa kilomita.

Vifaa vingine vya dukani hutumia mikrowati kwa sentimita ya mraba, na hapo tarakimu ya wimbi lile lile huwa 0.265. Asiyetazama maandishi madogo yaliyo kando ya tarakimu anaweza kudhani kuwa kifaa kimoja kimepata mara kumi ya kingine.

Tena vizio hivi haviongezeki kwa mwendo mmoja. Volti kwa mita zikiongezeka maradufu, nishati huongezeka mara nne. Volti 2 kwa mita si miliwati 5.3, bali ni 10.6. Mtu anayesoma kifaa cha pili ataona ongezeko kubwa, wakati anayesoma cha kwanza ataona ongezeko la wastani.

Ukisogea karibu kabisa na antena yenyewe, hesabu hii ya kubadilisha kizio kimoja kuwa kingine haifanyi kazi tena. Huko uga wa umeme na uga wa sumaku hupimwa kila mmoja peke yake. Fundi anayepanda mnara wa FM hawezi kutegemea kifaa cha mkononi kinachofanya hesabu hiyo kimyakimya.

Kila kifaa kina masafa yake

Redio ya FM hutumia megahezi 87.5 hadi 108. Televisheni ya dijitali iko juu zaidi, kuanzia megahezi 470. Mitandao ya simu hutumia masafa kama 900, 1800 na 2100. Kifaa cha kupimia hakisikii yote hayo kwa usawa. Kilichotengenezwa kuanzia megahezi 200 kwenda juu hakitauona mnara wa FM ipasavyo, hata kikishikwa chini yake. Kinachoanzia megahezi 50 kitajumlisha FM, televisheni, simu, na hata redio za mkononi za walinzi, kisha kitoe tarakimu moja ya vyote.

Wataalamu hutumia pia vifaa vinavyochambua masafa moja moja. Hivi huonyesha kwamba kiasi hiki kinatoka kituo fulani cha FM, na kiasi kile kinatoka mtandao fulani wa simu. Kifaa cha aina hii kikiwekwa kwenye 90.9 peke yake, kitatoa tarakimu ndogo kuliko kile kinachojumlisha kila kitu. Vyote viwili viko sahihi: cha kwanza kimejibu swali la kituo kimoja, cha pili kimejibu swali la hewa yote ya mahali hapo.

Tofauti hii ina uzito, kwa sababu viwango vya usalama navyo hutegemea masafa. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi Isiyoayonisha, ICNIRP, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, iliweka kikomo cha wati 2 kwa mita ya mraba kwa umma katika masafa ya FM, sawa na takriban volti 27.7 kwa mita. Kwa megahezi 900 kikomo ni wati 4.5, na kwa megahezi 1800 ni wati 9. Kifaa kinachojumlisha vyote hakiwezi kukuambia umekaribia kikomo kipi.

Kuna pia chanzo ambacho wengi hukisahau, nacho ni simu iliyo mfukoni mwa anayepima. Iko sentimita chache tu kutoka kwenye kifaa, na inapowasiliana na mtandao inaweza kupandisha tarakimu kuliko mnara ulio mita mia moja mbele.

Hatua moja hubadilisha jibu

Wimbi la redio halifiki kwa njia moja. Sehemu huja moja kwa moja kutoka mnarani. Nyingine hugonga ardhi, ukuta au paa la mabati na kurudi. Mawimbi hayo yakikutana, mahali pengine huimarishana na mahali pengine hudhoofishana.

Wimbi la 90.9 lina urefu wa mita 3.3. Kwa hiyo mahali penye nguvu nyingi na mahali penye nguvu kidogo panaweza kutenganishwa na sentimita 80 hivi, yaani hatua moja ya mtu mzima. Kwa simu za megahezi 900, umbali huo ni sentimita 8 tu, usiofika upana wa kiganja. Watu wawili wanaosimama bega kwa bega katika ua wenye nyumba za mabati wanaweza kusoma tarakimu tofauti kabisa, na wakibadilishana nafasi wakabadilishana na majibu.

Mwili wa binadamu nao ni kizuizi. Ukisimama kati ya mnara na kifaa, unalizuia wimbi. Ukisimama nyuma ya kifaa, unaweza kulirudisha. Ndiyo maana upimaji rasmi hufanywa kwa kifaa kilichowekwa juu ya kigoda cha miguu mitatu, huku mpimaji akiwa kando, na vipimo huchukuliwa katika nafasi kadhaa na katika vimo kadhaa kabla ya kutafutwa wastani.

Namna ya kukishika kifaa ni jambo jingine. Mawimbi mengine hutetemeka wima, mengine ulalo. Kifaa chenye kihisio kimoja husoma vizuri kinapolala au kusimama sawa na wimbi, na kikigeuzwa husoma kidogo. Kifaa chenye vihisio vitatu vinavyoelekea pande tatu hakisumbuliwi sana na jambo hilo. Ukivilinganisha viwili hivyo bila kukizungusha cha kwanza, cha pili kitaonekana kama kinatia chumvi.

Kilele au wastani?

Mtambo wa FM hutoa nguvu ile ile mtangazaji anapopaza sauti, anaponong'ona na anaponyamaza. Kinachobadilika ni masafa, tena kidogo sana, wala si nguvu. Mnara wa simu ni tofauti. Hutuma kwa mapigo mafupi, na kazi yake huongezeka watu wengi wanapoutumia. Kipimo cha saa sita mchana karibu na soko hakiwezi kulingana na cha saa tisa usiku mahali pale pale.

Vifaa hushughulikia mabadiliko hayo kwa namna mbili. Kimoja hushika kilele, yaani tarakimu kubwa kuliko zote kilizoziona, hata kama ilidumu kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kingine hutafuta wastani wa muda fulani. Kwa wimbi la FM linalodumu bila kubadilika, majibu yatakaribiana. Kwa mawimbi ya simu yanaweza kuachana sana.

Viwango vya kinga vimejengwa juu ya wastani. Mwongozo wa ICNIRP wa mwaka 1998 ulitumia wastani wa dakika 6. Ule wa 2020 hutumia dakika 30 kwa mwili mzima. Anayechukua kilele cha sekunde moja na kukiweka kando ya kikomo cha wastani wa dakika 30 analinganisha vitu viwili visivyolingana.

Koboko: kifaa kinasema sifuri, redio inaimba

Mji wa Koboko uko takriban kilomita 55 kaskazini mwa Arua, karibu na mahali ambapo mipaka ya Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini inakutana. Huko swali hugeuka. Watu hawaulizi kama mawimbi ya FM kutoka Arua ni mengi mno, bali kama yanatosha.

Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga: hupenda njia isiyozuiwa. Katika ardhi tambarare, antena ya kurushia matangazo iliyo mita 50 juu huonana na antena ya kupokea iliyo mita 2 kutoka ardhini hadi umbali wa takriban kilomita 35. Ukiinua antena ya kupokea hadi mita 10, umbali huo hufika kilomita 42. Baada ya hapo wimbi halikatiki ghafla, lakini hudhoofika haraka. Vilima na mabonde ya eneo hili huongeza au kupunguza hesabu hiyo kutoka kijiji hadi kijiji.

Kwa sababu hiyo, mipango ya kimataifa ya FM huhesabu nguvu ya wimbi katika kimo cha mita 10 juu ya ardhi. Kwa matangazo ya stereo vijijini, nguvu inayopendekezwa ni desibeli 54 juu ya mikrovolti moja kwa mita, sawa na nusu ya milivolti kwa mita. Mhandisi anayeinua antena yake kwenye mlingoti wa mita 10 anaweza kupata kiwango hicho na kuandika kuwa usikivu unaridhisha. Mkulima aliyeketi chini ya mwembe na redio ya betri, karibu na ardhi, hupokea sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo. Tofauti inaweza kufika desibeli 10, yaani nishati kupungua mara kumi. Ripoti ya mhandisi ni kweli, na malalamiko ya mkulima ni kweli.

Linganisha sasa nusu milivolti hiyo na kikomo cha usalama cha volti 27.7 kwa mita. Kikomo ni zaidi ya mara 55,000 ya nguvu inayotosha kusikiliza redio kijijini. Kifaa kilichotengenezwa kupima usalama chini ya mnara huko Arua hakina haja ya kuona wimbi dogo namna hiyo. Ukikibeba hadi Koboko, kinaweza kuonyesha sifuri wakati redio iliyo kando yake inasoma taarifa ya habari bila kukwaruza. Hakijaharibika, kimepelekwa kazi isiyo yake.

Kuna na hali ya kinyume: kifaa kinaonyesha wimbi lenye nguvu, lakini redio inakwaruza. Karibu na mpaka, vituo viwili vya nchi mbili vinaweza kukutana kwenye masafa yale yale au yanayokaribiana. Kifaa hujumlisha nguvu za vyote viwili na kuona kuwa zinatosha, lakini sikio husikia vita. Kuzuia hali hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuwepo kwa mpango wa ugawaji wa masafa ya FM uliokubaliwa Geneva mwaka 1984, ambao Afrika imo ndani yake.

Programu za simu zinazodai kupima mnara nazo zieleweke hivyo hivyo. Simu hupima mtandao unaoihudumia, wala si mawimbi yote ya mahali hapo. Karibu na mpaka, simu mbili zilizo mkononi mwa mtu mmoja zinaweza kuwa zimeshika minara ya nchi mbili. Kipimo chake pia ni cha desibeli: kati ya -100 na -70 tofauti si theluthi, ni mara elfu moja.

Tofauti ipi ni ya kawaida?

Kila mnunuzi sokoni anaijua mizani. Shirika la Taifa la Viwango la Uganda, UNBS, hukagua mizani ya biashara kwa kuilinganisha na mawe ya uzito unaojulikana. Kifaa cha kupima mawimbi nacho hutakiwa kulinganishwa mara kwa mara na kipimo kinachoaminika katika maabara, na kupewa cheti chenye tarehe. Kikiangushwa, waya wake ukilegea, au kikikaa miaka mingi bila kukaguliwa, hupotoka bila mwenyewe kujua.

Hata kifaa kizima kina kiasi chake cha shaka, na mtengenezaji makini hukiandika. Tuchukue mfano. Kifaa kimoja kinasoma volti 1 kwa mita, na shaka yake ni desibeli 3 kila upande. Maana yake, nguvu halisi iko kati ya 0.7 na 1.4. Kingine kinasoma 1.3 kwa shaka ya desibeli 2, yaani kati ya takriban 1.03 na 1.64. Tarakimu zimetofautiana, lakini nafasi zake zinapishana. Kwa lugha ya upimaji, vifaa hivyo vimekubaliana.

Kimoja kikisoma 1 na kingine 10, shaka ya kawaida haiwezi kueleza pengo hilo. Hapo tafuta sababu miongoni mwa zilizotajwa: kizio, masafa, mahali, mkao, muda, au ubovu wa kifaa.

La kuzingatia zaidi ni umbali kutoka kwenye kikomo. Ikiwa vifaa viwili vinabishana kati ya volti 1 na volti 1.3 kwa mita katika masafa ya FM, ugomvi wao haubadilishi hukumu, kwa kuwa kikomo ni 27.7. Lakini kimoja kikisoma 25 na kingine 30, tofauti ndogo ndiyo inayoamua, na hapo kipimo cha haraka cha mkononi hakitoshi. Upimaji urudiwe kwa kifaa chenye cheti na kwa utaratibu kamili.

Maswali ya kuuliza

Kuuliza si ujinga. Mkazi yeyote akionyeshwa kipimo, cha jirani au cha mtaalamu, ana haki ya kuuliza:

- Tarakimu hii ni ya kizio gani?
- Kifaa kinapima kuanzia megahezi ngapi hadi ngapi, na kimepima kituo kimoja au vyote?
- Kilikuwa wapi hasa, katika kimo gani, na nani au nini kilikuwa karibu yake?
- Ni kilele au wastani, na wa dakika ngapi, saa ngapi ya siku?
- Kililinganishwa lini mara ya mwisho, na shaka yake ni kiasi gani?

Nchini Uganda, usimamizi wa masafa na mitambo ya kurushia matangazo uko chini ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Mwenye malalamiko juu ya mnara au juu ya usikivu anaweza kuyafikisha huko. Malalamiko yanayotaja mahali, saa, kituo, masafa na aina ya kifaa kilichotumika humwezesha mpimaji kurudi pale pale na kupima jambo lile lile. Yanayotaja tarakimu peke yake humwachia kazi ya kubahatisha, na anaweza kurudi Kampala akiwa na jibu sahihi la swali ambalo mlalamikaji hakuuliza.